TiVo kupoteza mechi ukibadilisha chaneli

Kaka pole kwa hiyo mechi ila TiVo yako (kile kisanduku cha kurekodi TV) haijaharibika. Umesema uliisimamisha, ukachungulia chaneli ya habari mara moja, kurudi hamna tena cha kurudisha nyuma. Iko hivi, chaneli unayoangalia inaandikwa kwenye diski muda wote hata kama hujagusa rimoti, ila inabaki nusu saa ya mwisho tu, dakika mpya ikiingia ya zamani inafutwa, na ukihama chaneli tyuna (kifaa cha ndani kinachonasa chaneli) inaanza upya afu ile nusu saa yote kwisha. Ndo maana hata ukisimamisha ukaenda kupika ukapitiliza dakika 30 unakuta inacheza yenyewe.

Dawa ni kubonyeza kitufe cha kurekodi KABLA hujahama. Ile sehemu ya kijani kwenye mstari wa muda chini ya skrini, kama ni ya kipindi hichohicho, inaingia yote kwenye rekodi, usidhani inaanzia pale ulipobonyeza. Ila yaliyopita kabla hujafungua chaneli hiyo sahau, hayakuandikwa popote.

Kama yako ina tyuna mbili, bonyeza kwanza Live TV ikupeleke tyuna ya pili ndo utafute habari zako huko, kila tyuna inatunza nusu saa yake. Na kwenye mpira usiamini ratiba hata siku moja, zikija dakika za nyongeza na penati rekodi inakata palepale, inauma hiyo, we ongeza saa nzima mwisho.