Saa moja mbele ya penduli: maswali yenu kuhusu makumbusho ya sayansi ugenini

Likizo ya katikati ya mwaka inakaribia, na barua tulizochagua mwezi huu zote zinahusu safari. Wasomaji wanataka kujua namna ya kuingia makumbusho ya sayansi na teknolojia nchi za watu na kutoka na jambo la maana, badala ya picha za simu tu.

Nitakuwa Paris siku tatu kwa semina. Mwenzangu ananisihi nikaone penduli, lile tufe linalobembea kwenye waya, inayothibitisha kwamba dunia inajizungusha. Kwa nini nisiitengeneze hapahapa shuleni, muda wa kule nikautumia kwa mengine? Mwalimu wa fizikia, Mpwapwa.

Nenda ukaione, Mwalimu. Ya shuleni itakudanganya, na sababu kubwa ni mahali tulipo.

Mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault aliionesha penduli yake ndani ya jengo la Panthéon, Paris, mwaka 1851: tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67. Kwa kuwa dunia inajizungusha chini yake, mstari wa mbembeo huonekana kugeuka kwa digrii 15 kwa saa zikizidishwa kwa sini ya latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta kwa digrii. Paris hiyo ni digrii 11 na ushee kwa saa, na mzunguko mzima huchukua saa 32 hivi. Dodoma na Mpwapwa tuko karibu digrii 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo tunapata digrii 1.6 tu kwa saa. Mzunguko mmoja ungechukua zaidi ya siku tisa, tena kwa kuelekea upande wa pili, kinyume na mishale ya saa.

Sasa chukua timazi la fundi ujenzi, lifunge kwenye kamba ya mita 6, livute nusu mita, uliachie. Vidole vimelisukuma pembeni kidogo bila wewe kujua. Halirudi tena juu ya mstari ulionyooka, linachora umbo la yai jembamba, na yai hilo lenyewe hugeuka polepole hata kama dunia ingekuwa imesimama. Yai likiwa na upana wa sentimita moja tu, kwa vipimo hivyo litageuka karibu digrii 7 kwa saa. Hiyo ni mara nne ya kile unachotaka kukipima, na upande linakogeukia unategemea ulivyoliachia. Ndiyo maana Foucault hakuliachia tufe kwa mkono. Alilifunga pembeni kwa uzi, akasubiri litulie kabisa, kisha akauchoma uzi kwa moto. Nawe ukitaka kujaribu, fanya hivyo, ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha, maana upepo wetu hauna simile. Hata hivyo usiwaahidi wanafunzi jibu safi.

Kule Paris nenda Musée des Arts et Métiers, penduli iko ndani ya jengo lililokuwa kanisa la Saint-Martin-des-Champs. Metro inashusha kituo chenye jina hilohilo la makumbusho. Jumatatu wanafunga. Ikiwa penduli iko kwenye mwendo, tafuta mahali ambapo tufe linakujia na kukuacha bila kuyumba kulia wala kushoto. Kumbuka kigae ulichosimama na uangalie saa. Zunguka kwingine: wana gari la mvuke la Cugnot la mwaka 1770, na ndege ambayo rubani Mfaransa Blériot alivukia mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza Julai 1909. Baada ya saa moja rudi kwenye kigae kilekile. Tufe litakuwa linapita mshazari. Ikiwa ulisimama mita 3 kutoka katikati, itakubidi usogee kushoto kwako sentimita 60 hivi ndipo lije tena moja kwa moja. Hatua hiyo moja ndiyo somo lenyewe, na hakuna picha itakayokupa. Mhudumu akiisimamisha na kuianzisha upya ukiwa hupo, anza kuhesabu upya.

Tutapita London siku moja na watoto wa miaka 7 na 12. Tuone nini? Mama wawili, Kisasa, Dodoma.

Science Museum, South Kensington. Kuna njia ya chini ya ardhi kutoka kituo cha treni, hata mvua ikinyesha hamloi. Kuingia ni bure, ila kateni tiketi mapema kwenye intaneti. Wonderlab, ukumbi wa majaribio ya kushikashika, unalipiwa, na kwa wa miaka 7 hela hiyo si ya kujutia. Anzeni huko asubuhi kabla hajachoka.

Wa miaka 12 apelekwe kwenye mashine ya hesabu ya mwanahisabati Mwingereza Charles Babbage. Aliichora karne ya 19 na hakuijenga. Makumbusho yenyewe yaliifuata michoro, yakakamilisha sehemu ya kukokotoa mwaka 1991. Mashine nzima, pamoja na sehemu ya kuchapa, ni tani 5 za shaba, chuma na magurudumu yenye namba. Mwambie atafute gurudumu linalotoka 9 kwenda 0 na aeleze jinsi moja linavyobebwa kwenda safu ya pili, kama tunavyobeba kwenye kujumlisha darasani. Kisha pitieni chombo cha Apollo 10, muone ubavu ulivyoungua wakati wa kurudi duniani. Vitu vitatu vinatosha. Familia inayotaka kumaliza kila ghorofa huishia kubeba mtoto anayelia.

Chaja zangu zitafanya kazi huko? Na pawabenki? Fundi simu, Singida.

Uingereza plagi ni kama zetu za pini tatu bapa. Ujerumani na Ufaransa beba adapta ya pini mbili za mviringo. Marekani umeme ni volti 120, kwa hiyo soma chaja: ikiandikwa 100–240V, haina shida na volti hizo. Pawabenki iende kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni watisaa (Wh) 100: zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 20,000 ni 74, inapita.

Ulaya sina nauli. Hakuna pa karibu? Kijana wa Ihumwa, ninayeiona SGR kila siku.

Makumbusho ya Reli Nairobi, na Mtanzania haombi viza. Tafuta injini ya mvuke iliyoandikwa Mount Gelai, jina la mlima wetu ulio karibu na Ziwa Natron. Ilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950, na uzito wake unapita tani 250. Itazame kwa ubavu: boila liko katikati, limening'inizwa kati ya mafungu mawili ya magurudumu, na tangi la maji liko mbele. Uzito umegawanywa kwenye ekseli 14, na mafungu hayo yanajipinda kwenye viungo, ndiyo maana mzigo wote huo uliweza kukata kona za reli nyembamba. Beba futi ya fundi, upime kati ya reli na reli kwa ndani. Utapata mita moja, sawa na reli yetu ya zamani ya kati. Ya SGR ni milimita 1,435.