Waulize Mafundi: Redio visiwani, kutoka mita bendi hadi FM

Barua za safari hii nyingi zimevuka maji. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu wazee wenye majibu yake wangali hai na wanaulizika.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Nansio. Tumepewa kazi ya kukusanya historia ya redio Ukerewe. Wazee wanasema zamani Dar "ilikuwa inaingia jioni, mchana inapotea", na kwamba redio ilifungwa waya hadi mwembeni. Ni kweli? Mbona leo tunavuta antena tu?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Ni kweli tupu, na sababu yake ni aina ya mawimbi.

Utangazaji Tanganyika ulianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwanzoni ulisikika Dar na jirani zake tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ikalishika yenyewe, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya babu zenu. Sasa pima: Dar hadi Nansio ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Kuruka umbali huo kulihitaji masafa mafupi, yaani mita bendi, zinazotajwa kwa urefu wa wimbi katika mita. Wimbi lake hupanda, hukutana na tabaka za hewa yenye chaji kilomita 100 hadi 400 juu yetu, kisha hurudishwa chini. Jua likiwaka, tabaka ya chini kabisa huyanyonya mawimbi ya mita 60 na 49. Jua likizama, tabaka hiyo hufifia na sauti huja. Kituo kinachotaka kusikika mbali mchana hulazimika kuhamia mita 41, 31 au pungufu. Kwa hiyo babu aliyekuwa akizungusha kitufe saa kumi na mbili jioni alikuwa anafuata jua.

Waya wa mwembeni nao ulikuwa na kazi. Antena ya kuvuta haifiki hata mita moja; waya wa mita 10 hadi 15 hukusanya mawimbi mengi zaidi. Mfungaji makini hakuufunga moja kwa moja kwenye tawi. Aliweka kipande cha plastiki au shingo ya chupa katikati, kwa kuwa tawi likilowa mvua huvujisha mawimbi kwenda ardhini.

Katika mahojiano yenu msiache kuuliza kuhusu Mtu ni Afya, kampeni ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 vikundi vilikaa pamoja kusikiliza kipindi, vikasoma kijitabu, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni mbili. Waulizeni wazee wa Ukerewe redio ya kikundi ilikuwa ya nani, ilikaa kwa nani usiku, na pesa ya mawe ya redio, yaani betri, ilitoka wapi. Mambo hayo hayaandikwi kwenye vitabu vya shule, na ndiyo historia yenyewe ya kisiwa.

Baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, redio binafsi ziliruhusiwa. Radio One ilianza Dar 1994, na Mwanza ikapata Radio Free Africa yake. FM ikatawala: sauti safi, antena fupi. Ila wimbi la FM halirudishwi na anga. Huenda moja kwa moja, na hapo ndipo visiwa vya mbali vilipoanza kubaki nyuma, kama barua inayofuata inavyoonyesha.

SWALI: Niko Ukara, upande wa Bwisya. Vituo vya FM vya Mwanza vinakuja alfajiri, saa tatu asubuhi vinakoroma. Ninunue redio kubwa zaidi?

JIBU: Usinunue, ndugu yetu. Pesa hiyo weka kwenye mlingoti. Hesabu ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya kituo kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha kwa 4.1. Jibu ni kilomita ambazo FM hufika bila kizuizi. Kituo chenye antena mita 200 juu ya usawa wa ziwa, na redio yako mezani mita moja kutoka usawa huo, ni kama kilomita 62. Ukipandisha antena yako hadi mita 9 unafika 70. Bwisya hadi Mwanza ni kilomita 70 na ushei, kwa hiyo uko ukingoni kabisa, na vilima vya Ukerewe vimekaa njiani. Alfajiri hewa ya baridi na unyevu hulala juu ya maji na kuyapinda mawimbi yafuate uso wa ziwa. Jua likiichanganya hewa hiyo, mlango unafungwa.

Tengeneza antena hivi. Chukua waya wa shaba wa nyumba, vipande viwili vya sentimita 73, vipigilie kwenye papi la mbao kwa mstari mmoja, ukiacha nafasi ya sentimita 2 katikati. Waya wa antena ya televisheni: uzi wa ndani uchomee kwa risasi kwenye kipande kimoja, wavu wa nje kwenye cha pili. Papi lilale, ubavu wake ukiangalia Mwanza; ukishindwa, lisimamishe wima ujaribu tena. Chini, uzi wa ndani ubane kwenye antena ya kuvuta, na wavu kwenye springi ya hasi ya betri.

Kinachoharibu kazi hii ni maji. Yakipenya pale juu, wavu unageuka mweusi na ndani ya msimu mmoja sauti inakufa, mtu analaumu redio. Zungushia kiungio mpira wa tyubu ya baiskeli, ukaze sana, kisha uache waya uning'inie kama kitanzi kabla ya kuingia dirishani ili matone yadondokee hapo. Kabla ngurumo hazijakaribia, chomoa waya na uutupe nje. Ziwa letu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani.

SWALI: Mama yangu huanika betri juani. Zinajaa kweli? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Hazijai. Joto huharakisha kemikali iliyobaki, zikapata nguvu ya muda mfupi. Hatari ni kwamba kopo la zinki ndilo linaloliwa, likitoboka linavuja. Shikamoo yetu umfikishie mama, na umwombe asiziache ndani ya redio zikishaanikwa. Zikivuja, futa springi kwa kitambaa chenye magadi soda na maji kidogo, kausha, kwangua kwa msasa laini.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa, kisiwa cha Kome. Wenzangu wanasema redio inaweza kuonya kuhusu radi. Ni kweli au imani?

JIBU: Ni kweli, kaka, ila si kwa FM. Weka redio kwenye masafa ya kati (MW au AM), tafuta mahali pasipo na kituo, punguza sauti. Kila radi inapopiga, hata ikiwa mbali na hujaiona, utasikia "pwa!" kali ya mara moja. Zikiongezeka kila dakika, dhoruba inakua au inasogea. Usiku ndiyo saa yake, kwa kuwa upepo kutoka nchi kavu za pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu.

Taa za dagaa za LED zitakudanganya: hutoa mvumo usiokatika unaofunika milipuko hiyo. Zima taa dakika moja, sikiliza, washa tena. Kama mvumo unabaki, angalia kontrola ya sola. Redio haitakuambia umbali wala upande kwa uhakika, kwa hiyo utabiri wa ziwa wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, usikilize kabla ya kusukuma mtumbwi, wakati bado unaweza kuahirisha. Redio yenyewe iweke kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Sauti inapita, maji hayapiti.