Kujiandaa na kesi za biashara kabla ya usaili wa chuo: niliyojifunza kwenye viazi vya Isyonje

Ndugu yangu wa Mafinga, umeeleza kwamba umeitwa kwenye usaili wa kujiunga na shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, kwamba barua imetaja mjadala wa kesi (yaani habari ya biashara fulani yenye uamuzi unaotakiwa kufanywa), na kwamba umebakiwa na wiki sita. Umesema pia kuna mtu amekushauri ukariri mifumo ya uchambuzi kutoka kwenye vitabu vya watu wanaotafuta kazi kwenye kampuni za ushauri. Naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Mbeya, nilipewa ushauri huohuo, nikaufuata kwa bidii zote, na ukanichelewesha mwaka mzima.

Kabla ya yote isome barua yako upya, kwa kuwa neno hilo “kesi” (ambalo mama yangu alipolisikia mara ya kwanza aliuliza nani amenishtaki) linatumika kwa mambo yasiyofanana. Kuna kesi za kampuni za ushauri kama McKinsey, ambamo msaili anakupa tatizo kwa mdomo na kukufichia tarakimu hadi uziulize. Hizo ni za kuajiri, na vyuo huzitumia kwa nadra. Kuna mjadala wa kikundi, kama ule wa Wharton, chuo cha biashara cha Marekani, ambamo waombaji watano au sita huwekwa pamoja kwa muda wa kama dakika 35 na kutakiwa kufikia jambo moja, huku wasaili wakiangalia zaidi namna unavyofanya kazi na wenzako kuliko ubora wa wazo lako. Halafu kuna vyuo vinavyofundisha kwa kesi, utaratibu ulioshika mizizi Harvard katika miaka ya 1920 na ambao leo utaukuta IESE ya Barcelona na hata hapa jirani, Strathmore jijini Nairobi. Baadhi ya vyuo vya namna hiyo humpa mwombaji kesi fupi aisome na kuijadili kana kwamba yuko darasani. Lakini usidhani kila chuo cha kesi husaili kwa kesi: usaili wa Harvard wenyewe ni wa takriban nusu saa na unahusu maombi yako na maisha yako. Kama barua haielezi wazi, waandikie ofisi ya udahili uwaulize. Hakuna atakayekupunguzia alama kwa kuuliza.

Sasa nieleze nilivyoanguka. Katika usaili wangu wa kwanza, kwenye chuo ambacho sitakitaja, nilipewa kurasa mbili kuhusu kampuni ya familia inayotengeneza mtindi, nikapewa dakika kumi na tano za kusoma, kisha msaili akaniuliza iwapo ningekuwa mwenye kampuni ningefungua tawi la pili. Nikaanza kumwaga nilichokikariri: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho, halafu wateja, washindani, na kadhalika, kila kitu kikiwa kwenye sanduku lake. Aliniacha niongee dakika kama sita. Akauliza tena kwa upole, “Kwa hiyo unafungua au hufungui?” Nikajibu kwamba inategemea. “Inategemea nini?” Nikanyamaza, kwa sababu mfumo niliokuwa nimeukariri haukuwa na sanduku la swali hilo. Kwenye ukurasa wa pili wa kesi ileile kulikuwa na jedwali dogo likionyesha kwamba tawi la kwanza lilikuwa linatumia chini ya nusu ya uwezo wa mitambo yake, na mimi sikuligusa kabisa. Jibu lilikuwa pale, lenye mistari minne.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni shemeji yangu anayeishi Uyole, ambaye hajawahi kusikia habari za udahili wa chuo chochote cha biashara. Yeye hununua viazi Isyonje, barabara ya Tukuyu, na kuvipeleka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800. Nilimwomba aniruhusu nifanye biashara yake kuwa kesi yangu, na swali likawa hili: akodi Fuso peke yake, au aendelee kuchangia gari na wenzake? Nikaketi juu ya gunia nikiwa na karatasi na kalamu, bila kikokotoo. Tarakimu ninazokupa hapa nimezizungusha ili hesabu iende vizuri, kwa hiyo usizichukue kuwa bei za soko.

Gari linabeba magunia 100 ya kilo 100 kila moja. Gunia shambani ni shilingi 60,000, mfuko na upakiaji ni shilingi 4,000, dalali na ushuru wa sokoni ni shilingi 6,000, na kule Dar linauzwa shilingi 95,000. Kwa hiyo kila gunia linaacha shilingi 25,000 kabla ya nauli. Kukodi gari ni shilingi 1,600,000, liwe limejaa au halijajaa. Gawanya: magunia 64 yanarudisha nauli, na 36 yanayobaki ndiyo yanayoleta faida, shilingi 900,000 kwa safari. Nilifurahi. Nikamwambia, “Shemeji, kodi gari.”

Akaitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza, “Hapa kwenye hesabu yako, kiazi hakijaoza hata kimoja?”

Tukarudia. Gunia linalooza njiani limekwisha kununuliwa na kupakiwa. Kinachookolewa ni ile shilingi 6,000 ya dalali na ushuru tu, kwa hiyo kila gunia lililooza linakula shilingi 89,000 kutoka kwenye faida. Magunia kumi yakioza, ni shilingi 890,000, na katika ile faida ya laki tisa inabaki shilingi 10,000, yaani hata chai ya dereva na utingo haitoshi. Bei ya Dar ilikuwa ileile, nauli ileile, mzigo uleule. Swali la kesi halikuwa tena gari bali uozo: viazi vilivyochimbwa na mvua, vilivyofungwa kabla ya kukauka, vilivyofunikwa turubai lisilopitisha hewa, na gari lililolala njiani siku ya ziada. Jibu langu jipya likawa kwamba asikodi gari peke yake hadi aweze kushusha uozo chini ya gunia tano kwa mia, na kwamba njia ya kuushusha ni kumlipa mtu wa kuchambua na kuanika kabla ya kufunga. Hata ukilipa shilingi 1,000 kwa gunia, gharama ni shilingi 100,000, yaani zaidi kidogo tu ya hasara ya gunia moja lililooza.

Nimekaa sana kwenye viazi kwa makusudi. Hicho ndicho msaili anachotaka kukisikia: uamuzi, tarakimu moja au mbili zinazoubeba, jambo moja linaloweza kuugeuza, na kipimo chake. “Inategemea” ni jibu halali ukiendelea kusema inategemea nini na kwa kiasi gani. Tena eleza vipimo vyako mapema. Mimi nilisema gunia la kilo 100. Ningekaa kimya, mtu wa huku angefikiria lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, na hesabu yote ingekuwa ya uongo.

Mazoezi ya namna hii niliyafanya kila Jumapili kwa biashara nilizoziona kwa macho: mashine ya kukoboa mpunga Igurusi, genge la nyanya Ilula nilipokwenda Iringa kumsalimia mjomba, mama anayeuza vitenge Mwanjelwa ambaye nusu ya mauzo yake ni mkopo. Faida yake ni kwamba mwenye biashara anakusahihisha papo hapo, jambo ambalo kitabu hakiwezi. Hasara yake ni kwamba biashara hizi hazikufundishi kusoma maandishi marefu, na hilo nalo linahitaji muda wake.

Kwa upande wa maandishi, MIT Sloan wameweka kesi kadhaa mtandaoni bila malipo, na The Case Centre ya Uingereza nayo ina baadhi za bure. Namna ya kuzisoma niliyoizoea ni hii: aya ya kwanza na ya mwisho kwanza, kwa sababu mara nyingi humo ndimo anamotajwa mwenye kuamua, jambo analoamua na muda alionao, kisha majedwali ya nyuma, ambayo wengi huyaruka, na mwisho ndipo nasoma habari za katikati, nikiwa tayari najua ninachokitafuta. Kabla ya kufungua mdomo naandika sentensi moja inayoanza na “Ningeamua”. Kama siwezi kuiandika, sijamaliza kusoma.

Kuna jambo la lugha ambalo sikuliona likisemwa mahali popote, na lilinisumbua kuliko uchumi wenyewe. Sisi tunahesabu kwa laki. Usaili ni kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina laki. Katika mazoezi na rafiki yangu mwalimu aliyeko Iringa, ambaye tulikuwa tukisailiana kwa simu, nilipiga hesabu kichwani vizuri kabisa nikapata laki tisa, nikafungua mdomo na kutamka kwa Kiingereza tisini elfu. Sikujisikia nilivyokosea hadi aliponirudishia. Tangu siku hiyo nilikuwa nikisoma bei za sokoni kwa sauti kwa Kiingereza nikiwa kwenye daladala, kimoyomoyo pale kondakta anaponitazama, hadi ulimi ukazoea. Asilimia nazo zifanyie hivyohivyo.

Jambo la pili ni adabu zetu, nami nasema hili bila kuzidharau. Nimelelewa Rungwe, ambako kijana hadakii maneno ya mkubwa, na nilipowekwa kwenye mjadala wa majaribio na watu wanne walionizidi umri, nilisubiri nafasi ambayo haikuja. Mwishowe nilisema tu kwamba nakubaliana na aliyetangulia. Msaili hawezi kuandika chochote kuhusu mtu wa namna hiyo. Wala dawa si kugeuka kuwa mpiga kelele. Nilichokipata ni kwamba naweza kuingia bila kumvunjia mtu heshima kwa kuchukua alichosema na kukiongezea tarakimu, au kwa kuwakumbusha wenzangu kwamba zimebaki dakika kumi na hatujaamua. Yule anayetunza muda na anayemrudisha mjadalani mtu aliyekuwa amenyamaza huonekana, na kazi hiyo sisi tumeizoea tangu kwenye vikao vya harusi.

Ratiba ya wiki sita isikuumize kichwa. Kesi mbili kwa wiki zinatosha, moja ya mtaani na moja ya karatasi, mradi zote uzijadili kwa sauti na mtu wa pili na ujirekodi kwenye simu. Kujisikiliza kunakera sana mwanzoni. Mimi niligundua kwamba nasema “kimsingi” katika kila sentensi. Usaili ukiwa wa njia ya video, uwe na bando la mtandao wa pili na chaji ya kutosha, kwa kuwa umeme hauulizi ratiba yako.

Na kwa kuwa uko Mafinga, kesi yako ya kwanza iko mlangoni. Nenda kwenye mojawapo ya mashine za kupasua mbao zinazopata magogo kutoka msitu wa Sao Hill, umuulize mwenyewe kwa heshima kama angetaka kujenga tanuri la kukaushia au aendelee kuuza mbao mbichi. Mwulize bei ya mbao kavu na mbichi, mbao ngapi hupinda au kupasuka zikianikwa juani, fedha yake hukaa kwenye mbao siku ngapi kabla haijarudi, na mnunuzi wake wa Dar hulipa lini. Kaa chini dakika ishirini, andika sentensi yako ya “Ningeamua”, kisha mrudie umsomee hesabu yako uone anaitazama kwa uso gani.