Dawa na blichi havikai kichwa kimoja, bidada

Mpigie huyo msusi sasa hivi umwambie Jumamosi huendi. Ukimaliza rudi usome.

Nimelisoma swali lako mara mbili utosi ukaanza kuniwasha. Send-off ya dada yako ni wiki tatu zijazo. Nywele zako zinagusa mabega, zina dawa ya kunyoosha, uliritachi, yaani ulipaka dawa upya kwenye mizizi, mwezi wa nne. Unataka ziwe nyeupe kabisa "kama pamba". Unauliza blichi ipi ni nzuri, bei gani, kama nyeupe itakaa vizuri kwenye ngozi nyeusi, na kama utaweza kusukia rasta baadaye. Halafu mwishoni, kwa kupitia tu, unatuambia msusi kakuhakikishia siku moja inatosha kwa kuwa dawa "imeshaisha nguvu".

Hapo kwenye "imeshaisha nguvu" ndipo nilipouacha ugali jikoni. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2021, kwenye saluni moja huko Sinza, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka na soda mkononi, najiona mjanja wa mjini.

Dawa haiishi nguvu. Unywele uliopitiwa na dawa ndio umeshapitiwa, hakuna shampoo ya kuitoa. Inatoka kwa mkasi, basi. Au unasubiri nywele zako mwenyewe ziote chini zisukume zile zenye dawa ziende mbele. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, ikizidi ni kidogo. Mwezi wa nne mpaka huu wa nane, una sentimita nne au tano za nywele ulizozaliwa nazo. Zilizobaki zote mpaka mabegani ni za dawa, tena zile za nchani, kwa jinsi ninavyowajua wasusi wetu, zimepakwa upya kila ulipokwenda kuritachi.

Na dawa inafanya nini? Inakata vile vifungo vya ndani vinavyoufanya unywele wetu ujikunje. Ndiyo maana unanyooka. Blichi nayo inafumua magamba ya unywele, inaingia ndani kuiyeyusha melanini, ule weusi wenyewe, na ikiwa humo inakata vifungo vilivyosalia. Sasa jiulize vimesalia vingapi. Umeshang'oa misumari ya bati, halafu unaukaribisha upepo wa kusi uje upeperushe vumbi darini.

Ngoja nikusimulie Jumamosi yangu.

Nilifika saa nne asubuhi. Msusi akanionyesha kwenye simu picha ya mteja wake, nywele nyeupe mpaka zinatoa mwanga. Nikasema hiyo hiyo. Akakoroga poda ya blichi na maji ya chupa iliyoandikwa 40. Wakati ule 40 kwangu ilikuwa namba tu, kama saizi ya kiatu. Leo nimekuwa mkemia wa lazima: ile 20 ni peroksaidi ya asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Yaani asilimia 12, kwenye nywele zenye dawa, akaanzia kwenye mizizi ambako joto la kichwa peke yake linatosha kuiharakisha, akafunga foili, halafu akanishushia draya. Nikauliza, "Dada, haiunguzi?" Akacheka. "Hii haina amonia, ni ya asili kabisa."

Haina amonia! Petroli nayo haina amonia, kaoge nayo. Anayefanya kazi kwenye blichi ni peroksaidi na hizo chumvi za kwenye poda, na hao wote walikuwepo kichwani kwangu, wamekaa mkao wa kula.

Raundi ya kwanza ikatoa rangi ya Fanta. Na hili ni kawaida, ila hakuniambia. Nywele nyeusi hazirukii kwenye weupe. Zinapita kwenye kahawia nyekundu, zinaingia kwenye chungwa, zinaingia kwenye njano, ndipo zifike kwenye njano ile iliyofifia kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Zikishafika hapo ndipo unapakwa tona ya zambarau inayoua umanjano. Tona yenyewe haing'arishi kitu. Ukiipaka kwenye chungwa unapata chungwa lililokasirika. Safari ya kutoka nyeusi mpaka ganda la ndizi, hata kwa nywele nzima zisizo na dawa, mtu mwenye akili anaigawa kwa wiki kadhaa.

Wangu akasema, "Tunapiga ya pili hapa hapa." Na sitamtwisha yote, nilikubali kwa mdomo wangu huu. Nikaongezea na "fanya haraka, nina kikao cha harusi saa kumi na moja."

Sasa sikiliza. Nimelaza kichwa kwenye sinki, binti wa kuosha anasuuza raundi ya pili. Mara mikono yake ikasimama. Maji yanaendelea kutiririka, mikono imesimama. Akaita kwa ile sauti ya msibani, "Dada, hebu njoo." Msusi akaja, akaangalia, akaondoka. Alikwenda kuongeza sauti ya redio. Nikapeleka mkono kisogoni mwenyewe. Nikashika kitu kinateleza kama mlenda. Nikavuta kidogo, kikavutika, kikavutika, kikabaki mkononi mwangu. Hakikuuma. Kiliachia tu, kama tambi zilizopitiliza motoni.

Wakanifuta na taulo wakanigeuza kwa dirisha, eti nipate hewa. Kioo nilikidai mwenyewe. Kisogoni kote, sikio hadi sikio, nywele zimekatika sentimita nne kutoka kwenye ngozi, pale pale ulipoanzia mpaka wa dawa, utadhani mtu kapitisha rula. Mbele vikabaki vishungi vitano sita virefu vya njano, ndevu za mahindi kabisa. Utosi ulikuwa unawaka. Usiku yakatoka malengelenge, asubuhi mto umegandana na kichwa. Nesi wa zahanati akaniuliza kama nimemwagikiwa na uji. Nikamjibu ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Mama yangu mzazi yeye hakuuliza, aliangalia tu akasema, "Mwanangu, ukubwani huu mapunye umeyatoa wapi?"

Na nililipa! Ndiyo, nililipa, nikiwa nimejifunga kitenge kichwani, nahesabu noti. Nilipothubutu kulalamika, yule msusi akaniambia bila kupepesa, "Nywele zako zilikuwa dhaifu tangu nyumbani." Tangu nyumbani! Kana kwamba nilizileta kwenye kapu zikachubuliwa na abiria kwenye daladala. Nilikaa mbele yake nikamwambia nina dawa, miezi minne, akashika kwa vidole vyake, akasema imeshaisha nguvu. Nani sasa alikuwa dhaifu hapo?

Bado sijamaliza. Wiki mbili baadaye nikapita pale kudai hata nusu ya hela yangu. Hela sikupata. Ila nyuma ya kaunta, kwenye kichwa cha plastiki, nikaiona ile picha. Njia ile ile ya pembeni, mkunjo ule ule sikioni. Wigi. Yule "mteja" alivaa wigi. Nilichomwa utosi nikifukuzia nywele za kiwandani zilizokuwa zinauzwa mita tatu kutoka nilipokaa.

Umeuliza bei. Nakupa bei: saluni 120,000, tona 25,000 (waliipaka, usiniulize waliipaka wapi), zahanati na dawa ya kupaka 18,000, kinyozi 5,000, wigi ya kuendea harusini 280,000. Jumla shilingi 448,000 kuwa na kipara. Kinyozi mwenyewe ni wa kiume, wa mtaani kwetu, aliniuliza "nikuweke staili gani?" kisha akajijibu kimya kimya akachukua mashine. Watu wanasema mwenzako akinyolewa wewe zako tia maji; mimi ndiye yule mwenzako, bidada, na mashine ilikuwa ya namba moja.

Najua utaniambia mbona fulani na fulani wana nywele nyeupe na wanapendeza. Waangalie vizuri. Wengi ni kipilipili kifupi, nywele za asili, hazijaonja dawa, na zikichoka wananyoa wanaanza upya. Wenye ndefu uwaombe uwashike pale kwenye paji. Sisemi blichi ni haramu. Nasema dawa na blichi, chagua moja. Unataka nyeupe? Kata dawa yote, baki na hizo sentimita nne zako, nenda kwa mtu atakayetumia 20 na atakayekubali kukurudisha nyumbani ukiwa bado wa chungwa. Unataka urefu wako wa mabegani? Basi weusi ndio wako, pokea.

Kama huniamini, usibishane na mimi, bishana na kishungi. Kata nywele nyuma ya sikio, unene wa njiti ya kiberiti, zile ndefu zenye dawa, funga mwisho mmoja na uzi. Omba msusi akupe kidogo cha mchanganyiko ule ule atakaokupaka, na akikataa umeshapata jibu lako. Vaa glavu, fungua dirisha, na kama una pumu mwache mtu mwingine afanye, ule mvuke wa poda si wa mchezo. Weka kwenye kisosi, funika na nailoni, chungulia kila dakika kumi. Baada ya dakika 40 suuza, na kikiwa bado kimelowa kivute. Unywele mzima unavutika kidogo halafu unarudi. Kikivutika kisirudi, au kikikatika, shukuru Mungu kimekatikia kwenye kisosi. Mimi ningekifanya hicho Ijumaa usiku ningekuwa na laki nne na ushee zangu.

Na piko je, umewahi kupaka? Hukusema. Hina nyeusi za pakiti, baadhi zina chumvi za madini ndani, zikikutana na peroksaidi nywele zinapata moto kweli, moto wa kushika na mkono. Kama uliwahi, hata hicho kishungi kijaribie mbali na uso.

Wale mtakaokuja hapa chini na mayai, parachichi na mafuta ya nazi, nawaheshimu, ila nilipaka vyote. Nilinukia kachumbari mwezi mzima. Hata zile chupa za bei mbaya za kuunganisha vifungo zinasaidia unywele ulioumia, ule uliobaki mkononi hauunganishwi na kitu.

Kuhusu send-off yako. Ile wigi ya 280,000 ninayo kabatini, nyeupe, ya kufika mabegani. Ndiyo, nilinunua nyeupe, sikutaka waalikwa wajue kwamba mpango ulibadilika. Nimeivaa mara mbili. Pima kichwa chako kwa futi ya fundi cherehani, kupita juu ya masikio. Ukipata kama inchi 22 itakukaa. Nitumie ujumbe, nakuazima. Irudishe imefuliwa, na usiisogeze karibu na jiko la mkaa, ile ni plastiki.