Anayesema Maji Atuonyeshe Maji

Maswali ya wasomaji kuhusu magari ya dizeli

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli niliyoinunua ikiwa mpya. Ina miaka miwili na miezi minne na imetembea kilomita 61,000. Waranti yake ni ya miaka mitatu au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Wiki tatu zilizopita nilikuwa njiani na mzigo wa mbolea, injini ikaanza kukosa nguvu, kisha ikakata moto gari likiwa kwenye mwendo. Hakuna taa iliyowaka kabla. Nikapiga stata mpaka betri ikaisha. Gari likavutwa hadi karakana ya walioniuzia. Siku ya nne wakanipigia simu: pampu ya presha imesagika, chenga za chuma zimeingia kwenye nozeli zote nne, mfumo mzima wa mafuta unabadilishwa, na waranti haihusiki kwa sababu dizeli yangu ilikuwa na maji. Nikaenda kituo nilichojaza. Meneja akasema siku ile walijaza magari zaidi ya mia na hakuna aliyelalamika. Watu wa bima nao wanataka ripoti ya chanzo kwanza. Sevisi zote nimefanya hapohapo kwao, risiti ninazo. Nani anatakiwa kulipa?
Mwenye pikapu ya mzigo

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya habari ya nani alipe, kuna jambo la kufanya leo, usilale nalo. Waandikie hao wa karakana, kwa maandishi na wapokee kwa sahihi, kwamba pampu, nozeli, filta ya mafuta na dizeli iliyobaki tangini ni mali yako. Visitupwe, visioshwe, wala visipelekwe kokote bila wewe kuwepo. Mengine yote nitakayokueleza yanategemea vitu hivyo kuwa bado vipo.

Nakusisitizia hivyo kwa sababu niliwahi kukaa upande wa pili wa meza. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kufungua pampu na kuandika ripoti za waranti katika karakana moja ya wauzaji wa magari. Siku moja ililetwa pikapu kama yako. Nikaifungua pampu, nikaiacha wazi juu ya meza kwa sababu kulikuwa na kazi nyingine za haraka, na msimu ulikuwa wa mvua. Niliporudi kuipiga picha zilikuwa zimepita siku kumi na moja. Nikaona madoa ya kutu kwenye mhimili, nikaandika maneno mawili: "Mafuta machafu." Waranti ikakataliwa. Mwenye gari alikuwa mama mmoja aliyekuwa akisambaza maziwa. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Hayo maji yenyewe yako wapi, nami niyaone?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Miezi michache baadaye ikaja pampu nyingine ya aina ileile, safari hii dizeli yake tuliipima na ilikuwa safi kabisa, na ndani yake nikakuta uharibifu uleule, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Nikakimbilia stoo kutafuta ile ya yule mama. Ilishauzwa chuma chakavu. Kosa lile ni langu, na sababu ya kuandika safu hii inaanzia hapo.

Sasa tuingie ndani ya pampu. Injini za dizeli za siku hizi zinasukuma mafuta kwenye reli moja, yaani bomba nene linalozigawia mafuta nozeli zinazoyapuliza ndani ya injini, kwa presha ya bar 1,600, nyingine 2,000 na zaidi. Pampu inayofanya kazi hiyo haina oili yake. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Katika aina moja inayotumika sana kwenye pikapu, Bosch CP4, kuna mhimili wenye nundu, na juu ya nundu inabiringika roli ndogo ya chuma inayosukuma pistoni. Roli ikiwa imekaa sawa, inabiringika. Ikigeuka upande, hata kidogo, haibiringiki tena: inaburuzwa. Hapo chuma kinakula chuma, na unga wake unakwenda mbele kwenye reli na nozeli, halafu unarudi na mafuta yanayorejea hadi tangini. Nafasi zilizomo ndani ya nozeli ni za maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Ndiyo maana pampu moja ikisagika wanakwambia mfumo mzima. Katika hilo hawakudanganyi. Na kila ulipopiga stata baada ya gari kuzima uliusukuma ule unga mbele zaidi, kwa hiyo wasomaji wengine walishike hili: gari la dizeli likikata moto ghafla barabarani na likakataa mara mbili, acha, liite la kulivuta.

Lakini kwamba pampu imesagika ni jambo moja, na kwamba imesagwa na maji ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo wanaporuka hatua. Kijitabu cha waranti karibu kila mahali kinasema hivi: tunalipia kasoro ya malighafi au ya utengenezaji, hatulipii uharibifu wa mafuta machafu. Kwa hiyo neno "maji" linafunga mlango wote. Neno zito namna hiyo lije na ushahidi wake.

Omba kuona filta. Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe kinachotenga maji, na ndani yake sensa inayowasha taa ya dashibodi maji yakifikia kiwango. Wewe unasema hakuna taa iliyowaka. Kompyuta ya gari huweka kumbukumbu ya hitilafu, kwa hiyo waambie wakuchapie orodha yote, ikiwa na idadi ya kilomita pale kila hitilafu ilipojitokeza. Kama maji yalikuwa mengi kiasi cha kuua pampu ndani ya safari moja, kwa nini kikombe hakikujaa na sensa ikanyamaza? Jibu linaweza kuwepo. Labda sensa ni mbovu, na sensa nayo iko kwenye waranti.

Kisha tazama rangi. Hili nakuomba ulifanye kwa macho yako, mchana, kwenye mwanga. Maji yaliyokaa ndani ya pampu huacha kutu ya kahawia iliyochimba vitundu, na kwa kawaida utaikuta pia kwenye kikombe cha filta, kwenye mabomba na ndani ya reli, si mahali pamoja tu. Roli iliyogeuka huacha mkwaruzo mpya unaong'aa kama kisu kilichotoka kunolewa, na unga wa kijivu unaometameta ukiusugua kati ya vidole. Ukiona kutu nyembamba ya juujuu kwenye pampu peke yake, uliza ilifunguliwa tarehe gani na picha ilipigwa tarehe gani. Unajua sasa kwa nini nauliza.

Kuna shauri la tatu ambalo wenye magari wengi hawalijui. Ili kupunguza moshi wenye sumu, salfa imeondolewa kwenye dizeli: Marekani ilishuka hadi sehemu 15 za salfa kwa kila milioni kuanzia 2006, Ulaya 10 kuanzia 2009. Usafishaji huo unaondoa pamoja na salfa baadhi ya vitu vilivyokuwa vikiyapa mafuta ulaini, hivyo watengenezaji wa dizeli wanarudisha ulaini kwa dawa. Ulaini unapimwa maabara kwa kusugua kijigololi kwenye chuma ndani ya dizeli na kupima kovu linalobaki. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinaruhusu kovu lisilozidi maikroni 460. Cha Marekani, ASTM D975, kinaruhusu hadi 520. Maana yake dizeli inaweza kuwa halali kabisa mahali inapouzwa na bado ikawa kavu kuliko pampu ilivyotarajia. Pampu ikifa kwa dizeli halali, hiyo si habari ya mteja kujaza uchafu. Ni habari ya aliyechagua kufunga pampu ile kwenye gari linalouzwa pale. Tena si jambo la kufikirika: mwaka 2021 pikapu za Ram za dizeli za miaka ya 2019 na 2020 ziliitwa zirudi karakana huko Marekani kwa ajili ya pampu hiyo ya presha. Kwa hiyo uliza kwa namba ya fremu ya gari lako kama kuna wito wowote wa kurekebishwa. Wito ukiwepo, matengenezo yake ni bure.

Sampuli ya dizeli ipelekwe maabara isiyo ya upande wowote, ipimwe maji na ulaini. EN 590 inaruhusu maji miligramu 200 kwa kilo. Juu ya hapo una hoja dhidi ya kituo, chini ya hapo una hoja dhidi ya waliokuuzia gari. Kwa vyovyote vile unatoka na karatasi, na ile bima inayokusubirisha itakuwa na kitu cha kusoma. Kama bima yako ni kubwa, soma sehemu ya mafuta machafu. Baadhi ya bima hulipia na mwenye gari hajui.

Kuhusu kituo, usigombane na meneja. Mwombe kwa barua rekodi za vipimo vya tangi la siku ile na saa ambayo lori liliteremsha mafuta. Vituo hupaka fimbo ya kupimia dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, na matokeo huandikwa. Lori likiteremsha, maji na tope vilivyotulia chini ya tangi huchafuka na kupanda. Mtu aliyejaza robo saa baadaye anaweza kupata kisichompata aliyejaza asubuhi, kwa hiyo hoja ya "magari mia hayakulalamika" haimalizi shauri.

Nani alipe, basi? Kwa uliyonieleza, yaani sevisi kamili, taa haikuwaka, hukuonyeshwa maji na pampu imekufa kwa kilomita 61,000, naona mzigo wa kueleza uko kwa waliokuuzia. Wakidai maji, wathibitishe. Sheria hazifanani kila mahali. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kasoro ikitokea ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu gari linakabidhiwa, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Baadaye mzigo unaweza kuhamia kwako. Wewe umeshavuka mwaka, ndiyo maana nakazania sampuli na vipuri. Andika kwa kampuni iliyotengeneza gari, si kwa karakana peke yake, maana mara nyingi kukataa kumetoka kwa mtu wa karakana na wakubwa zake hawajaliona faili. Ukilazimika kulipa kwa kuwa gari ndilo linalokulisha, andika kwenye ankara kabla ya sahihi yako: "Nalipa kwa pingamizi, sijakubali chanzo kilichotajwa." Na vipuri vya zamani uondoke navyo kwenye boksi.

SWALI: Fundi, nilichukua dizeli kutoka tangini nikaitia kwenye chupa ya maji ya kunywa nikaipeleka maabara. Wamekataa kuipima. Ni haki? Msomaji wa kila toleo

JIBU: Inauma, lakini wana haki. Tone moja lililobaki kwenye chupa linatosha kuharibu kipimo. Tumia chombo cha kioo kikavu au kopo la chuma ambalo maabara yenyewe imekupa. Chota kutoka chini kabisa ya tangi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli na hayatakungoja juu. Mchote mkiwa pamoja na mtu wa karakana. Jazeni vyombo vitatu, kimoja chako, kimoja chao, cha tatu kibaki kimefungwa mpaka hapo mtakapobishana. Kila kimoja kiwe na lakiri, tarehe, saa, kilomita za gari na sahihi mbili. Wakikataa kutia sahihi, andika kwamba wamekataa na upige picha. Yako ya kwanza usiimwage. Iache itulie usiku kucha mahali pasipotikisika. Ukiona mstari chini ya dizeli, walau wewe mwenyewe utajua unapigania nini.

SWALI: Nataka kufunga kile kifaa kinachozuia chenga za pampu zisifike kwenye nozeli. Nitapoteza waranti? Dereva wa safari ndefu

JIBU: Kifaa hicho hakiokoi pampu. Kinayapeleka mafuta yaliyolainisha pampu yarudi tangini kwanza, badala ya kwenda moja kwa moja kwenye reli, na hivyo nozeli zinaweza kupona pampu ikifa. Mimi nakipenda, ila baada ya waranti kwisha. Marekani kuna sheria ya 1975 inayomzuia mtengenezaji kukataa waranti kwa sababu tu umefunga kipuri cha kampuni nyingine. Sharti aonyeshe kipuri hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Hata huko watu wanazungushwa miezi. Ukiwa bado ndani ya waranti, bora utoe maji kwenye kikombe cha filta kila mwezi na ubadilishe filta kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kijitabu, tena filta ya asili, risiti mkononi.

SWALI: Mhudumu amenitilia petroli lita 20. Sijawasha. Nifanye nini? Niko kituoni sasa hivi

JIBU: Swali lako limenifikia ukiwa umeshaondoka hapo, nalijibu kwa ajili ya wengine. Usiguse ufunguo hata kwa kusikiliza redio, kwa sababu katika magari mengi kuzungusha ufunguo tu kunaamsha pampu ya tangini na petroli inaanza safari. Petroli haina ulaini wa dizeli, pampu ya presha haiivumilii. Gari lisukumwe pembeni likiwa kwenye gia huru, tangi likaushwe lote, na meneja wa kituo aandike na kutia sahihi hapohapo kilichotiwa, lita ngapi na saa ngapi, kabla mhudumu hajabadilisha zamu.