Oili inavuja kwenye mipira ya kipoza oili? Usikimbilie klampu

Kama una gari ya siku nyingi na kila asubuhi unakuta doa la oili chini, soma hii kabla hujafungua kitu, maana mi nilifungua kifuniko cha valvu nikabadili gasketi, Jumamosi nzima ikaishia hapo, na Jumatatu doa liko palepale. Kumbe oili ilikuwa inatoka mbele kabisa, kwenye mpira unaokwenda kwenye kipoza oili, kile kinachopoza oili ya injini pale karibu na rejeta, ila gari ikitembea upepo unaisukuma nyuma inatapakaa chini ya injini mpaka kwenye giaboksi. Kwa hiyo inapodondokea siyo inapotokea, hilo lishike sana.

Ndo maana siku hizi naanza na kuosha. Pulizia dawa ya kuoshea injini, suuza, acha ikauke vizuri, halafu washa injini mpaka ipate moto na uangalie kwa tochi kuanzia juu kushuka chini, sehemu ya juu zaidi na ya mbele zaidi yenye unyevu ndo ya kuanza nayo. Kama inavuja kidogo mno huioni, izime ipoe kidogo, paka poda ya mtoto kwenye maungio makavu kisha washa tena, oili ikipita inaacha mstari mweusi unaouona wazi. Angalia na rangi pia, mafuta ya giaboksi ya otomatiki (nayo mara nyingi yana mabomba yake ya kwenda kupozwa) mara nyingi ni mekundu na oili ya injini ni kahawia au nyeusi, lakini yale mekundu yakizeeka nayo yanageuka kahawia, kwa hiyo usiamini rangi peke yake, fuata bomba uone linatoka wapi linakwenda wapi.

Sasa kwenye gari za zamani pa kwanza kuangalia ni pale mpira unapoingia kwenye bomba la chuma ukabanwa na ile pete ya chuma. Mpira ukipikwa na joto miaka mingi unakuwa mgumu unasinyaa, pete inabaki imebana kitu ambacho hakijai tena, na oili inaanza kutoka jasho hapo, baadaye inadondoka. Pa pili ni zile oringi, vipete vya mpira vya kuzibia kwenye maungio, ukiitoa ya zamani utakuta imekuwa bapa na ngumu kama plastiki. Pa tatu ni bomba lenyewe, hasa kwenye vishikizo vinavyotunza maji na tope, linaoza kwa nje bila wewe kujua. Na kama kuna kishikizo kimekatika, bomba linacheza na mtetemo wa injini siku zote mpaka lipasuke au litobolewe na kitu linachosuguana nacho, kwa hiyo kishikizo nacho kirudishwe, siyo urembo kile.

Hapa ndo nilipokosea vibaya. Nilikata ile pete, nikavalisha mpira mpya juu ya bomba nikakaza klampu mbili za kawaida za bisibisi, nikaona kazi safi. Ilikaa siku chache tu, asubuhi moja ya baridi nimewasha gari mpira ukachomoka, taa ya oili ikawaka nikazima palepale na oili imeshajaa chini. Sababu ni kwamba oili ya injini iko kwenye presha ya pampu, na asubuhi ikiwa nzito bado, presha inapanda kuliko ikiwa na moto, mara nyingi inavuka psi 60, klampu juu ya bomba lenye uso laini haiwezi hilo. Ningekuwa barabarani kwenye mwendo beringi za injini zingekufa kabla sijasogea pembeni, na oili ikirukia ekzosi ya moto inaweza kuwaka moto, jamani hiyo siyo ya kuchezea.

Kilichonisaidia ni kwenda kwa wale wanaobana mipira ya haidroliki ya matrekta na makatapila. Peleka bomba lako la zamani lote, ncha zake za chuma kama ni nzima wanazitumia tena, wanaweka mpira mpya na kuubana kwa mashine. Waambie ni ya oili ya injini yenye moto, mpira uwe wa oili na uwe na kipenyo kilekile cha ndani, maana mpira wa maji ya rejeta ukikutana na oili unavimba unakuwa laini. Kabla hujatoa piga picha na weka alama ncha zimeelekea wapi, ikibanwa imejipinda haitakaa. Bomba la giaboksi presha yake ni ndogo zaidi, kule mpira maalumu wa mafuta ya giaboksi na klampu nzuri unakubalika, mradi ncha ya bomba ina kibonge cha kuzuia mpira usichomoke.

Kufungua, injini iwe imepoa na gari ikae kwenye stendi, siyo jeki peke yake. Pulizia dawa ya kutu usiku uliopita, halafu tumia spana mbili, moja ishike ungio la kipoza oili lisigeuke na nyingine ifungue nati, ukitumia moja unaweza kuzungusha ungio ukapasua kipoza chenyewe na sasa una kazi mbili. Oringi weka mpya kila ukifungua, zile za Viton (aina ya mpira) zinavumilia joto zaidi, zipake oili safi kabla ya kufunga. Usizungushe utepe mweupe wa mafundi bomba wa maji kwenye maungio ya oringi, hauzibi kitu pale na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye oili.

Ukimaliza jaza oili, washa iache kwenye sailensa (ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta) dakika moja hivi huku unaangalia taa ya oili na maungio, zima, subiri ishuke, pima na dipstiki uongeze maana bomba jipya na kipoza vimekunywa kiasi. Baada ya siku mbili tatu chungulia tena na tochi. Na zile maunti za injini, yaani vikalio vya mpira vinavyobeba injini, zilizokuwa zinalowa oili muda wote zipanguse uzibonyeze, kama zimevimba na kulegea zitahitaji kubadilishwa nazo.