Deni nimelimaliza, ripoti bado inasema nadaiwa

Pole ndugu. Umesema mkopo uliumaliza mwaka jana, lakini ripoti yako ya mikopo bado inaonyesha unadaiwa. Usitegemee simu, maneno ya simu hayaachi ushahidi. Mwandikie barua aliyekukopesha, na nakala uipeleke kwa kampuni inayotunza taarifa za mikopo, maana hiyo huandika tu kile inacholetewa na wakopeshaji. Taja namba ya akaunti, kosa lenyewe, na unavyotaka isomeke. Ambatisha risiti ya malipo ya mwisho na barua ya kumaliza deni. Nakala tu, zile halisi baki nazo! Dai mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hasira iache nyumbani, mimi ilinichelewesha. Wakikujibu “tumesharekebisha”, usishangilie hadi uione ripoti mpya.